Imebaki Kufunga Tu

Lori la saruji lilinipita kwenye mlima wa Kitonga siku ya Jumatano, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Wala halikuwa tupu. Lilikuwa limesheheni mifuko mpaka chesesi inalia, na lilipofika usawa wa dirisha langu utingo wake alinitazama kutoka juu, akameza kipande cha muhogo alichokuwa anatafuna, akanipungia mkono taratibu kama mtu anayemuaga mgonjwa wodini.

Mimi nilikuwa gia ya pili, mguu umezamisha mafuta hadi kwenye zulia, nyuma nina gunia kumi na mbili za vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Gari langu ni Land Cruiser, lile ambalo nchi nzima inaliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Nililipata kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa linafunga mradi. Chini ya boneti kuna injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, nguvu za farasi 130 hivi ilipokuwa mpya, dizeli ya kizamani isiyojua kompyuta wala haraka. Injini za aina hii zipo tangu mwaka 1990, na zimebeba chanjo, wagombea ubunge, watalii na majeneza bila kuuliza swali. Kasoro yake ni moja: haina tabo. Hewa inaivuta kwa mapafu yake yenyewe, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Sisi wa Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15. Kwa hiyo wanaofika nyumbani kwangu si farasi 130. Ni farasi mia na ushee, nao wamechoka.

"Baba," mama mkwe aliuliza lori lilipopotelea kwenye kona, "kwani gari hili ni bovu?"

Hapo ndipo tabo iliponiingia kichwani.

Wiki hiyohiyo nilishuka Ipogolo kwa fundi. Fundi huyu nilimfundisha fizikia. Kwenye mtihani wa moko wa kidato cha nne nilimpa alama 17 kwa mia, na nikamwandikia kwa wino mwekundu kwamba ajitahidi. Leo ana gereji yenye vijana sita, na mimi nina gari linalopitwa na saruji.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia, nikamweleza. Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akafungua boneti, akanyamaza kwa muda ambao daktari hunyamaza.

"Mwalimu, inafungika. Lakini hii haikuzaliwa na tabo. Ndugu yake 1HD-T ndiye aliyetoka nayo kiwandani, na yeye hewa anaibana mara 18 na kitu. Hii inabana mara 22 na kitu. Ukiisukumia hewa nyingine juu yake, joto linapanda haraka. Lazima tuweke geji."

"Geji ya nini tena?"

"Ya kupima joto la moshi unaotoka. Ukishafunga tabo utatamani kufungua mafuta kwenye pampu upate nguvu zaidi. Mafuta yakizidi, moto unakuwa mkali. Na hii mafuta yanaanza kuungua kwenye kichumba cha pembeni, ndiyo moto utoke uende kwenye pistoni. Hapo kwenye kichumba ndipo hedi inapopasuka. Bila geji utajua siku rejeta inachemka." Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na oili inayotoka kwenye tabo ni povu, Mwalimu. Bomba la kuirudisha liwe nene, na lishuke moja kwa moja. Wengi wanakosea hapo."

Akachana karatasi kwenye kaunta buku, akaandika. Tabo na manifoldi yake, 4,200,000. Mabomba, gasketi na eksozi nene, 800,000. Geji, 250,000. Fundi pampu, 350,000. Ufundi, 1,200,000. Jumla shilingi 6,800,000. Muda, wiki mbili.

Nyumbani niliikalia karatasi ile kwa kalamu nyekundu, kama zamani. Geji nikaifuta: joto la moshi nimelifundisha miaka ishirini, nitalijua kwa kulinusa. Fundi pampu nikamfuta: skrubu ya mafuta ni skrubu. Nilipofika kwenye mstari wa ufundi, mkono ulinitetemeka. Milioni moja na laki mbili kwa kijana wa alama 17! Na hizo wiki mbili nani azisadiki? Mafundi wetu tunawajua. Ukimuuliza gari, ni kesho. Kesho ukienda, imebaki kufunga tu. Keshokutwa ukienda, spea imekwama Dar. Niliapa kwamba kazi hii nitaifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, Jumamosi moja. Wazo la tabo liliandikishwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Sikuona sababu ya jambo lililojulikana zaidi ya miaka mia kunishinda mimi mwenye shahada.

Tabo ya mtumba niliagiza Gerezani, Dar es Salaam, kwa 950,000. Ilifika kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya gunia la mchele, imepakwa oili ing'ae. Nikaizungusha kwa kidole; ikazunguka. Kifaa chenyewe ni cha ajabu kwa urahisi wake. Moshi unaokimbilia eksozi unapitishwa kwenye pangaboi dogo, pangaboi linazungusha ufito, na ncha ya pili ya ufito kuna pangaboi jingine linalosukuma hewa kwenye injini. Huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na ufito ule haugusi chuma: unaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili inaingia kwa juu ikiwa na presha, inafanya kazi yake, kisha inadondoka chini kurudi kwenye sampu. Nilimweleza mke wangu yote haya mezani. Akauliza kama mpaka Jumapili gari litakuwepo la kwenda kwenye kipaimara.

"Litakuwepo," nikasema.

Jumamosi ile niliitumia kwenye nati tatu. Stadi za eksozi za gari la mnada zimepikwa na joto na kutu kwa miaka mingi, nazo zina tabia yao. Unapachika spana, unavuta. Inagoma. Unavuta tena, inaanza kulegea, unafurahi. Inazidi kulegea. Inakuwa laini mno, laini kama siagi, na hapo unapaswa kuacha, lakini hujui. Ukivuta mara ya mwisho, spana inakuja na nati, nati imekuja na kichwa cha stadi, na shina limebaki ndani ya hedi limelingana na chuma, halishikiki kwa koleo wala kwa sala. Nilikata tatu. Aliyekuja kuzing'oa kwa kuchomelea nati juu yake alinitoza 60,000 na akaondoka baada ya nusu saa, bila jasho.

Wiki ya pili majirani walihamia uani kwangu. Balozi wa nyumba kumi alikuja na kigoda chake. Kijana mmoja wa bodaboda aliegesha pikipiki, akachungulia, akasema, "Mwalimu, hiyo ni nozeli." Nikamwambia injini haijawashwa. Akasema ndiyo, hata hivyo ni nozeli.

Na kila jioni mke wangu alitoka na swali lilelile. Jumatatu nilimjibu kesho. Jumanne nikamjibu kwamba mchomeleaji wa manifoldi ndiye ananichelewesha. Alhamisi ya wiki ya tatu, nikiwa nimelala chini ya gari, oili ikinidondokea sikioni, nilisikia sauti ikisema kwa uchangamfu mkubwa, "Imebaki kufunga tu, mke wangu!" Sauti ilikuwa yangu.

Nilinyamaza pale chini. Kwa miaka yote nimewahesabu mafundi kuwa waongo, na sasa nilikuwa nimesema uongo wao neno kwa neno, tena bila kufundishwa. Lakini sikuwa nadanganya! Nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba kilichobaki ni kufunga. Nilichokuwa sioni ni kwamba kufunga ndiyo kazi yenyewe. Kila kitu ukikifunga kinafunua kingine ambacho kilipaswa kufungwa kabla yake.

Wiki ya saba, Jumapili, palibaki bomba la kurudisha oili. Mpira wenyewe, ule mnene wa kustahimili oili ya moto, niliuona dukani kwa 45,000 na nikauacha kwa hasira. Sasa nauhitaji, na duka limefungwa. Nikatazama huku na huku. Kwenye bustani ya mchicha ya mke wangu palikuwa na mpira wa kumwagilia, wa kijani, mzuri kabisa. Nilijiambia kwamba oili ni kimiminika na maji ni kimiminika. Nikakata kipande cha nusu mita kwenye ncha ambayo haionekani, nikakivalisha, nikakaza klampu huku na huku. Kilikuwa chembamba kidogo, na kwa sababu ya kipande cha fremu kilichokaa njiani kilikunja kiwiko. Nikakitazama. Sauti ya Ipogolo ilininong'oneza: liwe nene, lishuke moja kwa moja. Nikaizima. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisahau kututahadharisha sisi wakuu tusiosikia la mwanafunzi. Kwenye kopo la kuwekea boliti zilikuwa zimebaki boliti nne. Nikalifunika.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, niliwasha gari mbele ya hadhara. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa ua anafua mablanketi. Iringa ni baridi, na kwetu kufua mablanketi ni shughuli ya kutwa. Injini iliitikia mara moja. Tabo ikapiga mluzi mwembamba. Balozi alipiga makofi. Nilitamani utingo wa lori la saruji awepo.

Dakika ya pili, moshi wa bluu ulianza kutoka eksozi. Dakika ya tatu ulikuwa mweupe na mzito, ukajaa ua, ukavuka ukuta kwenda kwa jirani. Halafu injini ikaanza kupandisha mzunguko, na mguu wangu haukuwa kwenye mafuta. Ilipanda kutoka kunguruma hadi kulia, kutoka kulia hadi kupiga yowe. Nikazima ufunguo. Haikuzimika. Nikachomoa ufunguo, nikaruka nje, nikasimama mbele ya gari nikiwa nimeushika juu kama refa mwenye kadi nyekundu. Injini haikunijali.

Niliielewa fizikia yake yote, na hilo ndilo lililonitia aibu. Dizeli haina plagi za cheche za kuiwasha wala kuizimia. Chochote kinachoungua kikiingia mle ndani na kubanwa pamoja na hewa, kitalipuka, na injini itazunguka. Ufunguo unafunga mlango wa mafuta kwenye pampu, basi. Injini yangu ilikuwa imeacha kula kwenye pampu. Oili iliyoshindwa kupita kwenye kiwiko cha mpira wa mchicha ilijaa kwenye tabo, ikapenya sili, ikavutwa kwenye njia ya hewa, na sasa injini ilikuwa inajinywa yenyewe. Kadiri ilivyozunguka ndivyo tabo ilivyosukuma, na kadiri ilivyosukuma ndivyo ilivyolishwa. Ingeendelea mpaka oili iishe au kitu kitokee ubavuni. Dawa ni kuinyima hewa, au kuingiza gia kubwa, kukanyaga breki na kuachia klachi kwa nguvu mpaka ikwame. Haya nayajua. Ningeyaandika ubaoni kwa mchoro. Lakini nilikuwa nimesimama na ufunguo, na kijana wa bodaboda alikuwa ananipigia kelele sikioni, "Si nilikwambia ni nozeli!"

Kutoka ndani ya wingu akatokea mke wangu na blanketi bichi linalotiririka maji. Hakuuliza. Alikanyaga bampa, akapanda juu ya boneti, akalivika blanketi kichwa cha mkonga, akalikunja mara mbili, akalikumbatia kwa mikono yote miwili na kulibana kwa kifua. Blanketi likavutwa ndani kwa nguvu mpaka likafanya shimo. Injini ikakohoa, ikatikisa gari zima, ikakohoa tena, ikafa.

Ukimya uliofuata niliusikia mpaka kwenye meno. Balozi ndiye aliyezungumza kwanza: "Mama, umejuaje?"

"Kujua nini?" mke wangu akajibu, nywele zimejaa masizi. "Moshi unachafua nguo zangu. Nimeziba bomba la moshi."

Miaka yote hii alikuwa anadhani mkonga ndiyo bomba la kutolea moshi, kama mabomba yanayosimama nyuma ya vichwa vya malori. Aliokoa injini kwa kukosea. Mimi niliyekuwa sahihi nilikuwa na ufunguo.

Jioni nilijaribu kujifariji. Nilimwambia kwamba hata Rudolf Diesel mwenyewe, alipokuwa anajaribu mashine yake ya kwanza kule Augsburg mwaka 1893, nusura imuue, na ilimchukua hadi mwaka 1897 kupata inayokubalika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yeye alitumia blanketi la nani?"

Jumatatu kirikuu kilinivuta kwenda Ipogolo. Kusema kweli hakikunivuta. Kutoka kwetu kwenda kule ni mteremko, kwa hiyo kilitangulia tu, na kazi ilifanywa na mvutano wa dunia. Fundi alitoka, akaniamkia, akapiga magoti chini ya gari na tochi. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mpira wa kijani, kimelainika na kujikunja kama utumbo wa mbuzi. Vijana wake sita walitazama chini. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

"Huu ni wa bustani, Mwalimu?"

"Ndiyo."

Akautundika kwenye msumari ukutani, kati ya kalenda na pistoni iliyotoboka ya mtu mwingine. Bado uko pale. Wateja wapya wanaoleta hadithi za kufunga tabo wenyewe huonyeshwa ule mpira kwanza, ndipo bei.

Sasa tupige hesabu, maana mwalimu hawezi kumaliza somo bila hesabu. Tabo, 950,000. Kuchomelea manifoldi, 280,000. Mabomba, gasketi na klampu, 210,000. Spana na soketi nilizonunua ili kuokoa gharama, 340,000. Kung'oa stadi, 60,000. Oili, ile niliyobadilisha na ile iliyogeuka wingu, 220,000. Kirikuu, 40,000. Hizo ni milioni mbili na laki moja. Fundi kufungua hedi, kuipeleka kuchongwa, kukagua pistoni na vali, kusafisha njia ya hewa yote na kurudisha manifoldi ya zamani mahali pake: 2,650,000. Jumla 4,750,000. Kwa fedha hiyo gari langu liko sasa kama lilivyokuwa siku lori la saruji lilipolipita. Sijaweka blanketi.

Kazi ile fundi aliahidi wiki moja, ikachukua tano. Nilipokwenda wiki ya pili alitokea uvunguni akasema, "Mwalimu, imebaki kufunga tu." Zamani ningemfokea. Safari hii nilimwambia pole na kazi, nikamnunulia soda, nikarudi nyumbani kwa daladala. Nilikuwa nimeshalala mahali alipolala. Najua kwamba anaposema vile anaona mwisho kweli, na kwamba mwisho huo una tabia ya kusogea.

Nimejua pia ule mstari wa ufundi, ule wa 1,200,000, unalipia nini. Spana hata mimi ninazo, za 340,000, zinang'aa. Unalipia stadi ambazo mtu huyu alishazikata kwenye magari ya watu wengine kabla ya kufika kwenye lako. Unalipia yeye kujua boliti inapokaribia kuwa siagi. Na zaidi ya yote unalipia haki ya kumlaumu. Gari likiharibika mikononi mwa fundi unakwenda pale, unafoka, unapunguziwa. Lilipoharibika mikononi mwangu nilizunguka nyumba nzima kumtafuta wa kumfokea, nikaishia kwenye kioo cha bafuni.

Kwa hiyo ewe mwenye mkonga, sikukatazi kushika spana. Badilisha oili na chujio mwenyewe. Toa maji kwenye chujio la dizeli. Pulizia chujio la hewa, hasa ukitoka vumbini. Piga grisi kwenye propela shafti. Hayo yanahitaji Jumamosi moja, na Jumamosi moja ya kweli. Belti ya taimingi ikifikisha kilomita 100,000 mpe fundi, kwa sababu kwenye 1HZ ikikatika vali zinakutana na pistoni. Tabo mpe fundi, pamoja na geji, pamoja na fundi pampu, na usifute mstari hata mmoja. Kama fedha haitoshi, panda Kitonga kwa gia ya pili na upungie malori mkono. Vitunguu havina haraka.

Na fundi akikwambia imebaki kufunga tu, usimtukane. Mwongezee wiki, kisha kamuulizie Jumatatu.